Kifaa cha kusikia na unyevu wa Mombasa

Hapa Mombasa, adui mkubwa wa kifaa cha kusikia ni unyevu. Jasho la nyuma ya sikio na hewa ya bahari huingia ndani polepole, na wakati wa masika hali huzidi.

Kama kifaa chako ni cha kukaa nyuma ya sikio na sauti inakatika, usikimbilie kubadilisha betri. Kwanza inua ule mrija mwangavu unaopeleka sauti sikioni, uutazame kwenye mwanga. Mara nyingi utaona tone la maji limekwama kwenye kona yake, dogo kuliko punje ya mchele. Hilo tu latosha kuziba sauti. Chomoa mrija kwenye kifaa, upulizie hewa kwa kipulizio cha mpira mpaka tone litoke. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu pumzi nayo ina maji. Mrija uliokuwa mgumu na wa njano haufai tena, ubadilishwe.

Usiku futa kifaa kwa kitambaa kikavu, toa betri, kisha kiweke hadi asubuhi ndani ya kopo lenye kifuniko cha kubana na punje za silika, zile zinazonyonya unyevu. Zile za rangi ya machungwa zikigeuka kijani zimeshiba maji. Mchele usitumie, vumbi lake huingia kwenye tundu za maikrofoni. Usianike juani wala usitumie mashine ya kukaushia nywele.

Betri isiingie kwenye kopo. Betri hizi za zinki hufanya kazi kwa hewa, na ukavu mkali huzimaliza. Ukibandua stika iliyo juu ya betri, iache betri wazi dakika 1 hadi 5 ndipo uitie. Kuibandika tena hakuiokoi. Rangi ya stika ndiyo saizi: njano 10, kahawia 312, machungwa 13, buluu 675. Mtoto akimeza betri, mkimbize hospitali papo hapo, huunguza koo.

Vua kifaa kabla ya kutawadha, na usikirudishe mpaka sikio likauke. Kwa akina mama, mtandio ukibana maikrofoni kifaa hupiga mluzi: legeza upande huo. Mluzi ukiendelea, kipande cha ndani ya sikio hakijakaa sawa, au nta imejaa sikioni. Kipande kitenganishe na kifaa, ukioshe kwa maji vuguvugu na sabuni, kikauke usiku kucha. Nta ya ndani mwachie daktari. Vijiti vya pamba huisukuma mbali zaidi.