Ndoo moja, laini mbili: dripu ya bei nafuu kwa boma lenye shida ya maji

Kama uko Nyakach ya chini ama Seme huko Kisumu, Gilgil ama kule Solai huko Nakuru, unajua vile Januari na Februari huwa. Sukuma inakauka ikiwa imesimama, fungu sokoni linapungua na bei inapanda, na boma ambalo halina pesa linabaki na ugali na chumvi. Sasa nataka kueleza vile unafunga dripu ya ndoo, yaani ndoo iliyoinuliwa inayotoa maji polepole kupitia laini (paipu nyembamba zenye matundu madogo) tone kwa tone hadi kwa kila mmea, ile ndogo kabisa, mahali hakuna stima, hakuna pampu na hakuna tangi. Si kitu kipya, KARI, shirika la serikali la utafiti wa kilimo (siku hizi KALRO), walikuwa wanafunza wakulima hii dripu ya ndoo tangu miaka ya 1990, lakini ukizunguka vijijini utaona laini nyingi zimetupwa nyuma ya choo, na ukiichukua moja uipasue na wembe pale kwa tundu unakuta utelezi wa kijani na matope yameziba njia yote. Kwa hivyo hapo kwa maji safi nitakaa sana, msinichoke.

Kwanza hesabu ya maji, kabla hujanunua chochote. Ndoo ya lita 20 ikiwa na laini mbili za mita 15 kila moja, matundu yakiwa kila sentimita 30, inalisha mimea kama 100. Unajaza asubuhi na jioni, hiyo ni lita 40 kwa siku, na jua likiwa kali kabisa na sukuma imeshakuwa kubwa unaongeza ndoo ya tatu. Mama anayebeba maji kutoka mtoni usimwambie tu eti aongeze mitungi miwili, hiyo ni kazi ya mgongo na ni yeye anaibeba. Kaa naye chini muone maji gani yanamwagika bure hapo nyumbani. Maji ya kuoshea mboga na mchele, maji ya kusuza vyombo, hayo yote yanaenda kwa shamba. Ya sabuni ya unga na yenye mafuta wacha, yanaharibu udongo na yanaziba laini. Alafu kuna mabati. Milimita moja ya mvua kwa mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, so nyumba ya mita 30 za mraba ikipata mvua moja ya milimita 20 ni lita 600 zimepita hapo juu, hata ukipoteza kiasi unabaki na kama 500, na hizo ni siku 12 za hii dripu. Kisumu ile mvua ya jioni huja hata wakati hujaitarajia, na gata ya bati lililokunjwa na pipa moja inatosha kuanzia.

Vitu vya kununua: ndoo yenye mfuniko, mita 30 za laini ya dripu, konekta ya kuunganisha paipu na ndoo pamoja na raba yake ya kuzuia kuvuja, ti moja (kiungo cha njia tatu cha kugawa maji kwa laini mbili), kipande cha paipu ya milimita 16, na valvu ndogo ukiweza. Agroveti na hadwea kubwa za Nakuru na Kisumu ziko nazo, zingine zinakata kwa mita. Lakini chunga kitu kimoja hapa, uliza kama matundu ya hiyo laini ni yale ya kujirekebisha presha. Hayo yametengenezwa kwa mashamba yenye pampu na kwa ndoo hayafanyi kazi, maana ndoo ikiwa mita moja juu inatoa presha ya baa 0.1 tu. Chukua laini ya kawaida, ile rahisi. Na kama mko kwa chama, nunueni roli nzima pamoja, roli ya mita 1,000 inatosha familia 33 na kila mtu analipa kidogo sana kuliko kununua peke yake.

Pima kitanda cha mita moja kwa 15. Lima chini sana, toa mawe, changanya samadi iliyooza vizuri, wilbaro tatu nne hivi. Mbolea yote weka kwa udongo saa hii, usifikirie kuipitisha kwa ndoo baadaye. Hii nasisitiza kwa sababu watu hufanya hivyo sana: CAN na DAP, zile mbolea za dukani, zinabakisha machicha hata ukikoroga aje, na yale maji ya samadi ndiyo mabaya zaidi, siku moja tu laini imekwisha. Ukitaka kuongeza CAN weka kwa mkono kando ya mmea, pale palipo na unyevu.

Kitanda kiwe sawa, ama kiteremke kidogo kutoka upande wa ndoo. Kikipanda, mimea ya mwisho haitapata kitu. Na usivutwe na tamaa ukafanya laini ya mita 25 ama 30, kwa hii presha ndogo mimea ya mwisho itabaki na kiu tu. Kama shamba ni refu weka ndoo katikati, laini zitoke pande zote mbili.

Stendi ni miti miwili mitatu ya mkaratusi na kipande cha ubao, chini ya ndoo iwe mita moja kutoka ardhini. Ifunge imara kwa sababu ndoo ikijaa ni kilo 20 na mbuzi atakuja kujikuna hapo, hilo halina swali.

Tundu la ndoo usitoboe chini kabisa kwa sakafu. Toboa ubavuni, sentimita mbili ama tatu juu ya sakafu ya ndoo, ili mchanga ukituama ubaki pale chini usiingie kwa paipu. Pasha moto kipande cha chuma kilicho chembamba kuliko raba, toboa polepole, ingiza raba kisha konekta. Ikikaza yenyewe bila gundi umepatia. Shusha paipu mpaka chini, weka ti, tandaza laini mbili zikiachana nusu mita hivi, na matundu yaangalie JUU. Wengi huyageuza chini wakidhani maji yatashuka vizuri, kumbe uchafu ndio unashuka na kukaa kwa matundu. Laini isivutwe ikakaza, usiku hujikunyata kwa baridi na mchana ikalegea, iachie nafasi kidogo na uishike na waya uliokunjwa.

Kabla ya kufunga miisho mwaga ndoo nzima ipite, itoe vumbi na vipande vya plastiki. Ndio sasa ufunge: kata kipande cha sentimita tano cha laini hiyo hiyo, kunja mwisho wa laini mara mbili tatu, ukivalishe juu kama pete. Hakuna haja ya kununua kifuniko.

Sasa jaza na usipande bado. Chukua vifuniko vya soda, weka kimoja chini ya tundu la kwanza, kimoja katikati na kimoja mwisho, uangalie vinajaa kwa muda gani. Vikikaribiana uko sawa, cha mwisho kikichelewa sana rekebisha mteremko ama inua ndoo. Lita 20 zikiisha kwa nusu saa hivi ni kawaida. Alafu tazama madoa ya maji kwa udongo, hapo kwa doa ndio unapanda mche, si kando yake. Udongo mweusi wa tope kama wa Nyando doa linatanuka kwenda pembeni, lakini ule mwepesi wa Gilgil na Naivasha maji yanazama moja kwa moja, kwa hivyo huko tafuta laini ya matundu kila sentimita 20 na umwage kidogo kidogo mara nyingi badala ya kujaza mara moja.

Haya, maji. Ya ziwa yana ukijani, ya mto Nyando yana matope, ya kisima mara nyingi yana chumvi. Yaache yatuame usiku kucha kwa mtungi, asubuhi umimine yale ya juu tu, yale ya chini mwagia mgomba. Mdomo wa ndoo funga kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, neti ya mbu haitoshi matundu yake ni makubwa. Kitambaa kifuliwe kila siku, mpe mtoto hiyo kazi na aelewe kwa nini. Ndoo iwe nyeusi ama ifunikwe na gunia, kwa sababu mwanga ukiingia mwani unamea. Na kila wiki, hata kama hakuna shida yoyote, fungua miisho ya laini uache maji yaruke mpaka yatoke meupe. Dakika tano tu. Boma ambalo linafanya hivi laini yake inadumu misimu mingi.

Funika udongo. Nyasi kavu, majani ya migomba, na nyinyi wa Muhoroni na Chemelil mko na majani makavu ya miwa yamejaa kila mahali. Bila hiyo kufunika jua linakunywa nusu ya kazi yako, kwa maoni yangu kama huna nyasi za kutosha ni afadhali upande nusu kitanda.

Cha kupanda: managu, saga, kunde na terere kwanza, hizo zinarudisha haraka, managu unaanza kuchuma wiki ya nne ama ya tano. Sukuma na spinachi laini ya pili. Nyanya iache msimu wa kwanza, ina magonjwa na inataka dawa, na hii ni mboga ya watoto kula kabla haijakuwa biashara. Ukichuma sukuma chukua majani ya chini mawili mawili kwa kila mche, zunguka kitanda chote, kesho unaanza upande wa pili.

Jioni ukipita angalia mimea inayonyauka peke yake katikati ya mingine, hapo tundu limeziba. Ligonge kidogo na kidole, libonyeze pande zote, likikataa toboa na sindano kando yake na usogeze mche. Panya na mbwa mwenye kiu nao hutafuna laini, waachie maji kwa karai pembeni na uweke konekta mbili za akiba ndani ya nyumba. Mvua ya Machi ikishika vizuri fungua kila kitu, suuza, kunja laini kwa mduara mpana bila kuivunja na uitundike juu ya dari mbali na panya mpaka Desemba.