Chumvi kwenye akwariamu ya maji baridi: kiasi gani, kwa samaki gani, na namna ya kuitoa

Simu za watu waliotia chumvi kwenye tangi la samaki huanza na video ya WhatsApp. Ya juzi imetoka kwa kijana wa Nyegezi, hapa Mwanza: tetra wake wamelala ubavu, goldifishi anahema juu ya maji, na kwenye changarawe kuna vibonge vya chumvi ambavyo havijayeyuka. Aliambiwa atie "chumvi kidogo" kama dawa, akatia kiganja kimoja, na kesho yake akaongeza kingine. Maelekezo niliyompa ndiyo haya, nimeyapanga vizuri kidogo.

Kwanza jibu la swali linaloulizwa kila mara: samaki wa maji baridi hawaishi vizuri kwenye maji ya chumvi, isipokuwa wachache. Damu ya samaki hawa ina chumvi takribani gramu 9 kwa lita, na maji ya Ziwa Victoria karibu hayana kitu. Kwa hiyo maji yanamwingia mchana na usiku kupitia matamvua, naye kazi yake ni kuyakojoa. Mtie kwenye maji ya bahari, yenye gramu 35 kwa lita, mambo yanageuka: maji yanamtoka, anakauka akiwa ndani ya maji. Kwa hiyo chumvi ni dawa yenye kipimo na muda wake.

Hatua ya 1: Jua una nani ndani ya tangi

Moli ndiye bingwa; ukimzoesha polepole anafika hata kwenye maji ya bahari. Gapi anamfuata kwa karibu. Goldifishi anavumilia gramu 3 kwa lita kwa muda wa matibabu. Tetra na koridora (kambare mdogo anayekaa chini ya tangi), gramu 1 wape kwa tahadhari. Hapa ndipo watu hunitajia wale samaki wadogo wa Ziwa Natroni. Ndiyo, wapo, jamii ya perege, lakini ukoo wao umezoea maji yale kwa maelfu ya miaka. Furu uliyemtoa ziwani hana historia hiyo.

Hatua ya 2: Chumvi

Chumvi ya mawe, ya Uvinza au ya pwani, inatosha. Yenye madini joto pia haina shida, maana kiasi chake ni kidogo mno. Usinunue chumvi iliyochanganywa na viungo.

Usitie magadi. Dukani yanakaa jirani na chumvi, na mtu akiona ni meupe na ya chumvichumvi anadhani ni mamoja. Magadi yanapandisha pH ya maji kuelekea upande wa alkali, kinyume cha tindikali, na maji yakifika huko amonia iliyotokana na kinyesi cha samaki inakuwa sumu kali. Unaweza kuamka ukute tangi zima limekwisha bila samaki hata mmoja kuwa na ugonjwa.

Hatua ya 3: Pima maji, halafu pima chumvi

Hatua hii ndiyo inayoua samaki wengi, kwa hiyo nisamehe kwa urefu.

Watu huhesabu tangi kwa ukubwa waliotajiwa na fundi wa vioo. Tangi la "lita mia" halina lita mia. Chukua futi, pima ndani ya kioo: urefu mara upana mara kimo cha *maji*, kwa sentimita, gawanya kwa 1,000. Tangi la 80 kwa 35, maji yakifika kimo cha 34, ni lita 95. Bado hujatoa changarawe, mawe na lile jahazi la udongo ulilotia kwa ajili ya pambo. Humo ndani pengine zimebaki lita 80. Njia ninayoiamini kuliko hesabu ni kuhesabu ndoo siku ya kujaza, na kuchora mstari wa kalamu nyuma ya kioo. Dumu la lita 20 likijazwa hadi mdomoni linazidi lita 20, kwa hiyo ishia kwenye alama.

Sasa chumvi. Kijiko ni adui. Chumvi laini iliyosawazishwa kwenye kijiko cha chakula na ile iliyorundikwa zinapishana sana, na ya mawe inapishana na zote mbili kwa sababu katikati ya vibonge kuna hewa. Nunua mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni, ile ya wapika keki. Sioni haja ya vile vipimo vya chumvi vya kioo vinavyoelea. Kwenye gramu 2 kwa lita havikuonyeshi kitu cha maana.

Kwa ugonjwa wa madoa meupe, yale kama chengachenga za sukari kwenye mapezi, natumia gramu 2 kwa lita, isipokuwa kwa tetra na koridora, ambao naishia gramu 1. Lita 80 ni gramu 160. Usitie zote kwa pamoja: theluthi leo jioni, theluthi kesho asubuhi, theluthi kesho jioni. Kila fungu liyeyushe kwanza kwenye ndoo ya maji ya tangi, umimine taratibu karibu na viputo vya hewa. Kibonge kikimkalia koridora tumboni kinamchoma.

Halafu kuna mtego: maji yanakauka, chumvi haikauki. Kiangazi upepo wa ziwani ukishika, tangi lisilo na kifuniko linashuka waziwazi. Maji yaliyokauka rudishia maji matupu, bila chumvi. Maji uliyoyachota mwenyewe kwa mpira ndiyo unayorudishia na chumvi yake: umetoa lita 20, umerudisha lita 20, gramu 40. Kijana wa Nyegezi alikuwa anatia chumvi kila alipoongeza maji.

Hatua ya 4: Subiri

Pampu ya hewa iwake muda wote. Chujio la sponji linatosha. Kimelea cha madoa kikiwa chini ya ngozi chumvi haikifikii. Inaua watoto wake wanapoogelea kutafuta samaki mwingine. Ndiyo maana madoa yakiisha unaendelea tena wiki nzima. Samaki akianza kurukaruka au kulala ubavu, badilisha nusu ya maji mara moja.

Hatua ya 5: Itoe

Kuchemsha hakuitoi, mkaa wa chujio hauitoi. Ni kubadilisha maji tu. Badilisha theluthi moja kila baada ya siku mbili, kwa maji ya bomba yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo wazi ili klorini itoke. Gramu 2 zinashuka 1.3, kisha 0.9, kisha 0.6. Mimea mingi laini haitaipenda safari hii, kwa hiyo mimea itoe kabla ya kutia chumvi uihifadhi kwenye beseni.

Kwa wenye moli tu

Moli wa Mwanza wakiyumbayumba mahali pamoja bila kusonga, mara nyingi si ugonjwa. Maji yetu ni laini, nao wanataka madini. Kabla ya kukimbilia chumvi, chukua makombe (maganda ya konokono na chaza) ya kulishia kuku, yasiyochanganywa na kitu, yaoshe mpaka maji yatoke safi, yatie kwenye kifuko cha wavu ndani ya chujio.