Breki za umeme za trela ndogo zinaposhika kwa udhaifu

Jirani yangu hapa Minnesota alikuwa amekwisha kubadilisha sumaku zote mbili za trela yake ya ekseli moja (sumaku za umeme ndizo zinazokaza breki, moja kwa kila gurudumu), na bado trela iliendelea kulisukuma gari kila aliposimama. Ninaandika hatua tulizofuata ili mwingine asinunue vipuri kabla ya kupima.

Hatua ya 1. Inua gurudumu kwa jeki, kaza kirekebishi chenye meno kilicho nyuma ya breki hadi gurudumu ligome, kisha kilegeze hadi lizunguke kwa kukwaruza kidogo tu.

Hatua ya 2. Vua dramu. Ikiwa lainingi, yaani bitana zinazosuguana na dramu, zimelowa grisi, badilisha lainingi za magurudumu yote mawili pamoja na sili (kizuizi cha grisi) iliyovuja. Kuziosha kwa petroli hakusaidii, kwa sababu grisi iliyokwisha kuzama hutoka tena breki zinapopata joto.

Hatua ya 3. Pima umeme wakati sumaku zinafanya kazi. Hapa ndipo tulipopoteza alasiri nzima, kwa kuwa tulipima nyaya zikiwa zimechomolewa kwenye sumaku, nayo mita ikaonyesha volti 12 kamili. Waya uliooza huweza kupitisha volti zote pale ambapo hakuna mkondo, kisha ukazipoteza mara tu sumaku zinapoanza kuvuta umeme. Mimi hupendelea kukiweka kando kidhibiti cha garini, yaani kifaa kinachotuma umeme kwenye breki za trela, kwa kuwa vingi hutoa umeme wa vipande vipande unaoidanganya mita, na badala yake huunganisha betri iliyojaa, kupitia fyuzi ya ampea 15, na pini ya waya wa buluu (unaopeleka umeme wa breki) na ya waya mweupe (unaourudisha) kwenye plagi ya trela. Usiache umeme kwa zaidi ya dakika moja, maana sumaku hupata moto.

Breki mbili za inchi 10 zinapaswa kuvuta takriban ampea 6, na kila sumaku ikipimwa peke yake iwe na ukinzani wa omu 3.2 hivi. Sumaku zetu zilikuwa sawa, lakini zilivuta ampea 4 tu, na volti zilizofika gurudumuni zilikuwa 7. Tulipogusisha ncha moja ya mita kwenye pini ya waya mweupe na nyingine kwenye mwisho wa waya huohuo karibu na gurudumu, tulikuta karibu volti 4 zimepotelea humo, ilhali hazikupaswa kuzidi nusu volti.

Skrubu iliyoubana waya huo kwenye fremu ilionekana nzima, lakini nilipoifungua, kichwa cha waya kilimeguka kama ganda la yai, na shaba iliyokuwa ndani ya mpira ilikuwa imegeuka unga wa kijani kwa sababu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Usiikwangue na kuirudisha. Tandika waya mweupe mpya, mnene, kutoka kwenye plagi hadi kwenye kila sumaku bila kuitegemea fremu, na uvike maungio mpira unaosinyaa kwa joto. Vile vibanio vinavyotoboa waya sivitumii kamwe, kwa kuwa hupitisha maji.

Hatua ya 4. Katika barabara tupu, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sukuma kitufe cha mkono cha kidhibiti. Trela inapaswa kulivuta gari nyuma waziwazi; magurudumu yakijifunga, punguza nguvu kidogo kidogo hadi yaache.