Namna ya Kuteremka Kitonga kwa Usalama
Kabla ya kuanza kuteremka mlima Kitonga ukitokea Iringa, funga mkanda, hakikisha abiria wote wamefunga mikanda yao, kisha jaribu breki barabara ikiwa bado tambarare ili ujue kama pedeli ni ngumu au inazama. Ikizama, usiteremke.

Ingiza gia ndogo mapema, ya pili au ya tatu kulingana na uzito wa mzigo, na katika gari la otomatiki sogeza mkono wa gia hadi L au 2, kwa kuwa injini ndiyo inayopaswa kulizuia gari, nazo breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto hadi zikashindwa kushika. Kuweka nyutro ili kuokoa mafuta ni kosa ninaloliogopa kuliko yote, kwani gari hubaki likitegemea breki peke yake. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama, weka pembetatu za tahadhari, na usimwagie magurudumu maji. Yaache yapoe yenyewe.

Ukungu ukitanda, kama ilivyo kawaida huko Mufindi, washa taa za chini, kwa sababu mwanga wa taa kali hurudishwa na ukungu machoni pako. Ukilazimika kusimama ghafla katika gari lenye breki za ABS (zinazozuia magurudumu yasijifunge), kanyaga kwa nguvu bila kuachia, hata pedeli ikitetemeka.