Shanga za Kariakoo na seli T: kuonyesha jinsi seli iliyoambukizwa inavyojitangaza

Kwa kipindi cha baiolojia kidato cha sita, nunua shanga za rangi mbalimbali, uzi na kadibodi. Tunga shanga 60: hiyo ni protini ya virusi, kila shanga asidi amino moja, kila rangi aina yake. Mkasi ndio proteasomu, mashine ya seli ya kukata protini. Kata vipande vya shanga 8 hadi 10. Vipitishe kwenye tundu la kadibodi, mlango uitwao TAP, viingie retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ndani ya seli. Vikizidi urefu, humo kuna kimeng'enya ERAP1 cha kuvipunguza.

Hapa usiharakishe. Chonga kishikizo chenye mfereji uliozibwa pande zote mbili, yaani MHC daraja la kwanza, protini inayobeba vipande na kuvionyesha juu ya seli. Kwa HLA-A2, aina mojawapo ya MHC hiyo kwa binadamu, shanga ya 2 (mara nyingi lusini) na ya mwisho ndizo hunasa. Rangi ikikosewa, kipande huchomoka, na kishikizo kitupu hakidumu juu ya seli. Kilichonasa ndicho kipandishwe kwenye utando, seli T ya CD8, seli ya kinga inayoua seli zilizoambukizwa, ikipapase. Wanafunzi wengi hudhani inaona kirusi kizima. La, inaona kipande tu, kikiwa ndani ya kishikizo.

Mwisho ziba TAP kwa plasta. Ndivyo HSV-1, kirusi cha hepesi, kinavyojificha kwa protini yake ICP47. Ila seli haijasalimika: seli NK, seli nyingine za kinga, huwinda zilizopungukiwa MHC.