Jinsi ya kukagua tuta la bwawa lako la umwagiliaji

Bwawa la udongo la shambani hubomoka kwa njia kuu mbili: maji yakipita juu ya tuta, au yakijitoboa njia ndani yake. Mara nyingi dalili hujitokeza mapema, na wa kuziona ni mwenye bwawa, kwa sababu mkaguzi wa serikali akija mara moja kwa mwaka ni bahati. Bwawa la shamba binafsi la Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 katikati ya mvua kubwa na kuua zaidi ya watu 40 waliokuwa wakiishi bondeni. Lilikuwa la kumwagilia, kama lako.

Maelezo haya yanahusu tuta lenye kimo cha mita 3 hadi 8 hivi. Likizidi hapo, au kama kuna nyumba chini ya bwawa, fanya ukaguzi huu huu lakini uwe na mhandisi wa mabwawa anayelifahamu tuta lako.

Beba panga, jembe, ndoo ya lita 10, simu yenye saa, tepu, vigingi, chokaa kidogo, daftari, na mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, wa mita 20. Kiangazi zunguka mara moja kwa mwezi, masika kila wiki. Siku ambazo utoro, yaani njia ya wazi pembeni ya tuta ya kupitishia maji ya mafuriko, unatiririsha maji, zunguka asubuhi na jioni. Bwawa jipya linalojaa kwa mara ya kwanza liangaliwe kila siku, maana udongo haujawahi kubeba uzito huo. Kama valvu ya bomba la kutolea maji inaruhusu, lisimamishe likifika nusu kwa wiki mbili hivi kabla ya kuliacha lijae.

Anza na utoro. Kosa tunalolikuta kuliko yote ni utoro kuzibwa kwa makusudi: mwenye shamba anapanga viroba vya mchanga kwenye kizingiti ili apate nusu mita zaidi ya maji ya kiangazi, au anatega wavu ili samaki wasitoroke, na wavu unanasa majani na magogo mpaka unakuwa ukuta. Ile nusu mita umeikopa kwa tuta. Mafuriko yakija, maji yatatafuta sehemu ya chini kabisa kwenye mgongo wa tuta, yapite hapo na kuchimba upande wa nje. Tuta la udongo haliwezi kuhimili maji yanayopita juu yake. Likianza kukatika, pengo hupanuka haraka kuliko trekta linavyoweza kuleta udongo. Ondoa kila kitu utoroni. Fyeka nyasi zibaki fupi lakini usizing'oe, kwani ndizo zinazoshika udongo. Angalia pia mwisho wa utoro, maji yanakoangukia: kukiwa na korongo linalokula kurudi juu kuelekea bwawani, panga mawe makubwa mapema, masika mawili tu yanatosha kulifikisha kwenye kizingiti.

Sasa pima kama mgongo wa tuta bado uko juu vya kutosha. Jaza mpira maji na utoe mapovu yote, maana povu moja linaharibu kipimo. Mtu mmoja asimamishe ncha kwenye kizingiti cha utoro, mwingine asimamishe ya pili kwenye mgongo wa tuta. Maji yakitulia, kila mmoja apime kwa tepu kutoka usawa wa maji ndani ya mpira hadi ardhini. Utoroni ukisoma sentimita 150 na mgongoni 60, mgongo uko juu kwa sentimita 90. Endelea hivyo kila mita 10, ukihamisha ncha ya nyuma kwenye kigingi cha mwisho ulichopima na kujumlisha tofauti (au kuitoa kama mgongo umeshuka), mpaka ng'ambo ya pili. Kwa matuta ya ukubwa huu usikubali chini ya mita 1 mahali popote. Mara nyingi utakuta upungufu wa sentimita 20 au 30 katikati, ambako tuta lina kimo kikubwa zaidi na udongo wake umeshuka zaidi, au pale ng'ombe na pikipiki wanapovukia. Wastani wa tuta zima hausaidii kitu. Kinachohesabika ni sehemu ile ya chini kuliko zote. Kwangua nyasi, lowesha, jaza udongo wa mfinyanzi kwa matabaka ya sentimita 15 na shindilia kila tabaka. Kumwaga lori moja na kusawazisha kwa jembe ni kujidanganya.

Ukiwa mgongoni tafuta nyufa. Nyufa nyembamba za ukavu ni za kawaida kiangazi. Ufa unaokata tuta kutoka upande wa maji kwenda upande wa nje ni hatari kwa sababu bwawa likijaa unakuwa mfereji. Ufa mrefu unaofuata urefu wa tuta, hasa ukiwa upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, unaonyesha kwamba mteremko unaanza kuporomoka: huo usiufukie, mwite mhandisi. Kwa ufa wa kukata, koroga chokaa iwe kama uji mwepesi, umwagie ndani, kisha chimba ukifuata weupe mpaka unapokwisha. Bila chokaa utachimba nusu ya ufa na kufukia juu ya nusu iliyobaki. Kama weupe unashuka chini ya usawa wa maji ya sasa, punguza maji kwanza.

Kwenye miteremko, adui ni miti, panya na mchwa. Mti wa unene wa mkono ukatwe sasa. Ukiacha ukakomaa kisha ukaukata, mizizi itaoza na kuacha vijitundu ndani ya tuta. Ukoka uliofyekwa vizuri ndio vazi bora la tuta, na unakuwezesha kuona unachokanyaga. Kichuguu kichimbwe mpaka kwenye malkia, shimo lijazwe kwa kushindilia. Upande wa maji, mawimbi yakikata ngazi kwenye udongo, panga mawe.

Kitako cha tuta upande wa nje ndicho cha kukipa muda mwingi. Tembea polepole, ikiwezekana asubuhi, kabla jua halijakausha unyevu. Tafuta nyasi za kijani kuliko jirani zake, udongo unaotitia chini ya buti, matete yaliyojiotea. Karibu kila tuta la udongo linavuja kidogo, na mvujo peke yake haumaanishi maafa. Muhimu ni rangi yake na mwendo wake. Chimba mfereji mdogo ukusanye mvujo sehemu moja, weka kipande cha bomba, na kinga kwa ndoo ya lita 10. Ikijaa kwa sekunde 40, ni lita 15 kwa dakika. Andika tarehe, kina cha maji bwawani na kiasi hicho. Maji ya bwawa yakipanda, mvujo kuongezeka ni kawaida. Mvujo ukiongezeka huku kina ni kile kile, kuna udongo unaoondoka. Mimina kidogo kwenye chupa safi uache kwa saa moja: tope likikaa chini ya chupa, hilo ni tuta lako linatoka.

Mvujo wa matope hupenda kujitokeza pembeni mwa bomba la kutolea maji, kwa sababu kushindilia chini ya tumbo la bomba ni kazi ngumu na mafundi wengi huiruka. Valvu iwe upande wa bwawani. Ikiwa upande wa nje, bomba lote ndani ya tuta limejaa maji yenye msukumo muda wote, na ufa mmoja kwenye kiungo unamwaga ndani ya udongo.

Ukikuta maji yanachemka kama chemchemi kwenye kitako huku yakitoa mchanga, usiyazibe kwa udongo. Yatatokea mahali pengine kwa nguvu zaidi. Yaache yatoke, uzuie udongo: mwaga mchanga safi wa mto sentimita 30, juu yake kokoto ndogo, kisha kubwa, halafu zungushia viroba kupunguza kasi. Wakati huo huo fungua valvu. Kwa kawaida maji yasishushwe zaidi ya sentimita 30 kwa siku, kwani mteremko wa ndani ukiwa umelowa unaweza kuporomoka. Tuta likiwa linatoboka, sahau kiwango hicho, shusha kadiri uwezavyo, na watoe watu wa bondeni kabla hujashika koleo. Namba zao ziwe zimeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na za mwenyekiti wa kijiji au chifu. Tanzania piga pia 114 ya Zimamoto.

Kuhusu vibali, Tanzania ofisi yako ni Bodi ya Maji ya Bonde, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kanuni za Usalama wa Mabwawa zilifuata mwaka 2013. Kenya ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 zilipanga mabwawa kwa madaraja A, B na C: daraja la chini ni maji yenye kina chini ya mita 5 na ujazo chini ya mita za ujazo 100,000, na daraja la juu linaanzia mita 15 au mita za ujazo 1,000,000. Wenye mabwawa wengi hukwepa usajili wakihofia ada. Lakini bwawa lisilosajiliwa halina mchoro mahali popote, na siku mhandisi anapohitaji kujua msingi ulichimbwa mpaka wapi, itabidi autafute kwa kuchimba. Ukiomba ukaguzi, peleka daftari la mvujo, vipimo vya mgongo wa tuta, na picha za utoro ulizopiga kutoka mahali pale pale kila masika.