Namna ya kuingia NBA bila kuchaguliwa kwenye drafti

Mchezaji ambaye jina lake halikutajwa katika raundi mbili za drafti ya NBA, yaani uteuzi wa kila mwaka ambapo timu za ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani huchagua wachezaji wapya, anapaswa kwanza kuketi na wakala wake na kuichagua timu kwa makini, kwa sababu sasa ana uhuru ambao aliyechaguliwa hana. Mwaka 2021, Austin Reaves aliona ni afadhali asichaguliwe mwishoni mwa drafti, akasaini na Los Angeles Lakers mkataba wa pande mbili, unaomruhusu mchezaji kuitumikia timu kubwa na pia timu yake ya G League, ligi ndogo ya NBA ya kukuza wachezaji. Tafuta kikosi chenye upungufu katika nafasi yako, hata kama timu nyingine ina jina kubwa zaidi.

Kisha jenga ustadi mmoja ambao kocha hawezi kuukosa, na hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa walizoea kuwa wafungaji wakuu vyuoni. Ben Wallace, ambaye hakuchaguliwa mwaka 1996, hakuwahi kufikisha wastani wa pointi 10 kwa mchezo katika msimu wowote, lakini kwa ulinzi na kudaka mipira inayorudi kutoka kwenye ubao alitwaa tuzo ya mlinzi bora mara 4.

Usidharau kucheza ng'ambo. Udonis Haslem alipitia Ufaransa, akapunguza uzito, kisha mwaka 2003 akajiunga na Miami Heat, ambako alishinda ubingwa mara 3.